Bibi aliandika noti zote, jina la mpiga fidla hakuliandika: kisa cha mahadhi ya Limavady

Maalim wa Fidla (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naanza na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo mada haitaeleweka.

Mimi napiga fidla. Nimekulia kwenye taarab asilia, lakini taarab asilia hailipi ada za watoto, kwa hiyo jioni huwa napiga kwenye mahoteli ya pwani ya mashariki, Unguja. Miaka kadhaa nyuma ilikuja harusi ya wageni kutoka Ayalandi Kaskazini. Nikapewa kikaratasi kimeandikwa kwa penseli: bibi harusi akiingia, piga "Danny Boy". Wimbo wenyewe naujua, na nikakumbuka kwenye kitabu cha noti mahadhi yale yana jina jingine. Nikaona leo nijifanye msomi. Nikashika maiki, nikatangaza kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi kwamba sasa mtasikia "Londonderry Air".

Meza ya kushoto wakaangua kicheko. Meza ya kulia wakanyamaza kama vile nimemtaja marehemu wao.

Nikapiga hivyo hivyo. Baada ya shughuli, nalegeza upinde, akaja mzee mmoja wa ile meza ya kulia. Akanipa mkono, akasema: umepiga vizuri kijana, ila sisi kwetu hiyo London hatuitii humo. Akaenda zake kuchukua keki.

Tangu siku ile nimeyafukua mahadhi haya mpaka nimejua mambo ambayo hayanisaidii kitu maishani. Nitayashusha hapa kidogo kidogo, umeme ukiruhusu.

Kibogoyo Mtaratibu

Naomba kiti cha mbele. Maalim, shusha nondo.

Mama Kwaya

Shikamoo Maalim. Na mimi nipo, huo wimbo tumeuimba kanisani kwa maneno mengine kabisa.

Maalim wa Fidla

Marahaba Mama Kwaya, hayo maneno mengine tutayafikia.

Tuanze na London, ndiyo iliyonitia aibuni. Kaskazini mwa Ayalandi kuna mji ambao wenyewe waliuita Doire, yaani msitu wa mialoni. Kiingereza kikaugeuza Derry. Mwaka 1609 hivi mfalme wa Uingereza alianza kugawa ardhi ya upande ule kwa walowezi wa Kiingereza na Kiskoti, na eneo hili likakabidhiwa kwa vyama vya wafanyabiashara wa jiji la London. Mwaka 1613 ukatoka mkataba wa kifalme, na jina la mwenye fedha likabandikwa mbele ya jina la wenyeji: Londonderry. Mji na kaunti yake.

Sasa elewa mzee wangu wa meza ya kulia. Ukitamka Derry umejiweka upande mmoja, ukitamka Londonderry umejiweka mwingine. Mimi mswahili nimesimama na fidla yangu katikati ya harusi nimewachagulia upande bila kujua.

Na ile meza ya kushoto iliyocheka? Hao ni jambo jingine. "Air" kwa Kiingereza cha muziki ni mahadhi. Ukiitamka haraka baada ya "derry", inasikika kama neno la Kifaransa la makalio. Kwa hiyo nilimtangazia bibi harusi, anaingia na shela lake, makalio ya London.

Kibogoyo Mtaratibu

😂😂😂 Maalim ungelipwa kabisa kweli?

Maalim wa Fidla

Nililipwa. Chakula ndiyo nilikula jikoni.

Tuendelee. Katika kaunti hiyo kuna mji mdogo unaitwa Limavady, kando ya mto Roe. Jina lake kwa Kiayalandi ni Léim an Mhadaidh, "mruko wa mbwa". Wanasimulia kwamba ukoo wa O'Cahan, waliokuwa mabwana wa eneo lile kabla ya mambo ya 1609, walikuwa na mbwa aliyeruka mto akiwa na ujumbe wa kuomba msaada. Weka akilini huo ukoo, utarudi.

Mjini hapo karne ya 19 aliishi mwanamke aitwaye Jane Ross, aliyezaliwa 1810 na kufariki 1879. Alikuwa na tabia ya kukusanya nyimbo za watu wa kawaida wa kaunti yake na kuziandika kwa noti. Wakati huohuo Dublin kulikuwa na George Petrie, mchoraji na mtafiti wa mambo ya kale, na mwaka 1851 kikaundwa chama cha kuhifadhi na kuchapisha nyimbo za Ayalandi. Jane Ross akampelekea Petrie mkusanyo wake. Kitabu kikatoka 1855, na humo ndani ndimo mahadhi haya yalimoonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi.

Hapa ndipo penye nondo. Petrie anamshukuru sana bibi huyu, anayasifu mahadhi, halafu anakiri kwamba kwa bahati mbaya jina la wimbo bibi hakulipata. Alichoandika Jane Ross ni kwamba ni wa "zamani sana". Basi. Wimbo wenyewe haukutajwa jina, wala aliyeupiga, na maneno hayakuwepo. Zile noti zimesimama peke yake kama mtoto aliyeachwa kituo cha basi.

Mtu amesikiliza kwa makini hadi kuandika kila noti inapopanda na inaposhuka. Swali la "baba unaitwa nani?" halikumpitia, au lilimpitia akaona halina haja ya kuandikwa. Mimi hilo linanikera kuliko London yote. Mengine yote mtakayosikia kwenye uzi huu ni watu waliokuja baadaye kuziba lile pengo, kila mmoja na jina lake mfukoni.

Zumari la Pangani

Maalim, mimi nilisikia aliyepiga alijulikana. Kipofu mmoja.

Maalim wa Fidla

Umenitangulia mkuu. Ndiyo, pale Limavady watakwambia jina bila kusita: Jimmy McCurry, mpiga fidla kipofu aliyeishi mpaka 1910. Inasimuliwa kwamba siku ya gulio, mwaka 1851, alikuwa amekaa barabarani mkabala na nyumba ya Jane Ross, anapiga. Bibi akasikia kupitia dirishani mahadhi asiyoyajua, akatoka, akamwomba arudie na kurudia mpaka akamaliza kuandika. Akampa sarafu, akaondoka.

Kipofu alizoea kupewa peni. Akaipitisha ile sarafu mdomoni, akahisi si peni, ni florini, yaani peni 24. Akajua amepewa kwa makosa, akainuka kumfuata bibi amrudishie. Bibi akamwambia kaa nayo.

(Florini ni ile ile ambayo hata Kenya na Uganda ziliionja kidogo 1920 na 1921 kabla ya shilingi. Uingereza ilianza kuitengeneza 1849, kwa hiyo mwaka 1851 ilikuwa bado ngeni mikononi mwa watu. Aliyekisimulia kisa hiki alijua anachofanya.)

Kibogoyo Mtaratibu

Ya sarafu nimeielewa. Lakini kama alimfuata hadi kumrudishia pesa, si ndiyo hapo bibi angemuuliza jina? Naona kama chai.

Maalim wa Fidla

Chai labda, lakini imekolea tangawizi. Kisa kinaishi mitaani kwao, kwenye maandishi ya Jane Ross hakimo. Mimi nakipenda kwa sababu moja tu: ni kisa pekee kinachomtoa mpigaji mbele na kumpa mkono, mdomo na uaminifu. Visa vingine vyote vinampa bibi, mfalme au majini.

Dada wa Mchambawima

Majini tena? Weka wazi.

Maalim wa Fidla

Ule ukoo wa O'Cahan niliosema muuweke akilini. Waliponyang'anywa ardhi, walikuwa na mpiga kinubi kipofu, Ruairí Dall Ó Catháin ("dall" ni kipofu, naona vipofu ndiyo wenye muziki wa kule, maana macho yakikosekana kinubi kilikuwa kazi ya heshima). Ngano inasema alilala kando ya mto Roe baada ya kunywa vya kutosha, akaamka anasikia kinubi chake kinapigwa na wasioonekana, mahadhi ya kuomboleza ukoo uliopoteza nchi. Akayakariri. Ndiyo haya.

Hiyo siitetei. Lakini oneni kazi yake: wimbo uliochapishwa chini ya kaunti ya Londonderry unarudishwa mikononi mwa walionyang'anywa ili ipatikane hiyo London. Nani anahitaji ushahidi akiwa na ngano tamu namna hiyo.

Mtu wa Nyaraka

Niwe mkorofi kidogo. Kuna hoja ya muda mrefu kwamba huyo bibi aliyatunga mwenyewe. Watafiti waliofuata walizunguka vijijini wakitafuta mtu mwingine aliyewahi kuyasikia, wakatoka patupu. Wimbo wa "zamani sana" unaojulikana na mtu mmoja tu? Na muundo wake haufanani na nyimbo za watu wa kule. Jibu hilo Maalim.

Maalim wa Fidla

Afadhali umekuja, nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe.

Hoja ni ya kweli na iliwasumbua wajuzi kwa miongo. Mwaka 1934 mtafiti Mwingereza Anne Gilchrist akaja na jibu ambalo mpigaji yeyote wa nyuzi ataliona lina akili. Alisema: usimtuhumu bibi kutunga, mtuhumu kuhesabu. Mpigaji wa kizamani havuti noti zote sawa. Anakaa kwenye moja anayoipenda, anaikimbiza nyingine. Aliyezoea piano akikaa kuandika anachosikia, mapigo matatu yanageuka manne. Gilchrist akayarudisha mahadhi kwenye mapigo matatu, na pale yakaanza kufanana na nyimbo nyingine za Ayalandi.

Nimejaribu mwenyewe chumbani. Kwenye mapigo manne wimbo unasimama wima, wa kanisani. Ukiuweka kwenye matatu unaanza kuyumba kiunoni. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni nimebadilisha wimbo.

Halafu mwaka 2000 Brian Audley akachapisha utafiti wa asili yake, na hapo ndipo mimi nilipoweka chombo nanga. Anaonyesha undugu na wimbo wa kinubi uitwao Aisling an Óigfhir, "ndoto ya kijana". Huo uliandikwa na Edward Bunting. Mwaka 1792, akiwa na miaka 19 tu, Bunting aliajiriwa kuandika noti kwenye mkutano wa wapiga vinubi Belfast. Walikuja kumi wa Ayalandi na mmoja wa Wales, wengi wao wazee. Mzee kuliko wote alikuwa Donnchadh Ó hAmhsaigh, ambaye Waingereza walimwandika Denis Hempson. Kipofu tangu utotoni kwa ndui. Wenzake wote walikuwa wamehamia kupiga kwa ncha za vidole, yeye peke yake alishikilia jadi ya kupiga nyuzi za waya kwa kucha ndefu.

Huo wimbo wa "ndoto ya kijana" Bunting aliupata kwake, na kitabu cha kwanza cha Bunting, chenye nyimbo 66, kilitoka 1796. Na Hempson alikuwa mtu wa Magilligan, kaunti hiyo hiyo, kipande tu kutoka Limavady.

Kwa hiyo Mtu wa Nyaraka, wimbo haukujulikana na mtu mmoja. Ulikuwa umeshazaliwa pale jirani kwa jina jingine, ukatoka kwenye kinubi ukaingia kwenye fidla, na njiani mtu akauongezea ule mpando wa mwisho unaowaliza watu. Nani aliuongeza? Wa fidla, naapa. Ile noti imekaa kifidla.

Mtu wa Nyaraka

Kuapa si ushahidi 😄 Lakini la Hempson nimelipokea.

Zumari la Pangani

Niongeze kitu hapo. Kwa wapiga fidla wa Ayalandi wimbo kukosa jina si ajabu hata kidogo. Wana neno lake kabisa: *gan ainm*, "bila jina". Utalikuta limechapwa kwenye majalada ya santuri mahali pa jina. Sababu ni kwamba ngoma za kuchezea zinakaa vidoleni, hazikai mdomoni. Mtu anakusikia, anazichukua, jina analiacha mlangoni. Akifika kwao akiulizwa, anataja aliyemfundisha, au kijiji, au anachokiona mbele yake.

Kulikuwa na Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork, aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago mwaka 1901. Huyu alikuwa anakusanya nyimbo kutoka kwa wahamiaji, wakiwemo askari wake. Noti hakujua kuandika. Alikuwa anaimba au kupiga, na askari mwenzake James O'Neill, wasiohusiana damu, ndiye anaandika. Kitabu chao cha 1903 kina nyimbo 1,850. Hebu fikiria kazi ya kujua kama hii ya leo siyo ile ya juzi iliyokuja na jina jingine. Na kitabu kikishachapwa, jina lililomo ndilo linalokuwa jina, hata kama huko kijijini kulikuwa na sita.

Zinavuka hata bahari. "Miss McLeod's Reel" ilichapwa Scotland na akina Gow, familia ya wapiga fidla, mwaka 1809 ikitajwa kuwa ya kisiwa cha Skye. Waayalandi wanaipiga kama yao, na Marekani ukiikuta inaitwa "Hop High Ladies". Noti zile zile.

Maalim wa Fidla

Zumari umenifunga goli, nilikuwa sijui la askari wawili akina O'Neill. Asante sana.

Mkaazi wa Belfast

Wandugu nimeuona uzi huu nikiwa zamu ya usiku, nimecheka peke yangu. Mimi niko huku mwaka wa nne, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Maalim, usijilaumu, hata wenyewe linawachosha. Ukiendesha gari kwenda upande ule utakuta vibao vya barabarani vimepakwa rangi ya kupuliza kwenye herufi za LONDON tu, Derry imeachwa safi. Mtangazaji mmoja maarufu wa redio wa huku, Gerry Anderson, aliuita ule mji "Stroke City", kwa ule mstari mnaouweka mkiandika Derry/Londonderry ili msimuudhi mtu.

Ila wimbo wenyewe hauna ugomvi. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola timu ya huku haitumii wimbo wa mfalme, bendera ikipanda unapigwa huu huu. Birmingham 2022 mabondia wa huku walichukua dhahabu 5, kwa hiyo waliokuwa wanafuatilia ngumi nyumbani waliusikia mpaka wakaukariri. Na wazee wangu hapa husimulia Barry McGuigan, usiku wa tarehe 8 Juni 1985 jijini London alipomnyang'anya mkanda Eusebio Pedroza wa Panama. Badala ya wimbo wa taifa, baba yake Pat aliingia ulingoni akaimba "Danny Boy". Mkatoliki na Mprotestanti wote wakaimba, wakati huo nje wanauana.

Kuna bibi mmoja hapa hazungumzi tena, ugonjwa wa kusahau umemmaliza. Ukiupiga kwenye simu, midomo inacheza, maneno yote yamo.

Dada wa Mchambawima

Umenigusa kaka. Pole na zamu.

Sasa hayo maneno ya Danny yametoka wapi, kama bibi hakuandika maneno?

Maalim wa Fidla

Maneno ni ya Mwingereza! Frederic Weatherly, mwanasheria aliyekuwa akitunga maneno ya nyimbo kama mtu anayekaanga vitumbua. Mama Kwaya, "The Holy City" mnaoimba wakati wa Pasaka, maneno yake ni ya huyu huyu. Mwaka 1910 aliandika "Danny Boy" kwa mahadhi mengine, haukwenda popote. Mwaka 1912 shemeji yake Margaret, aliyekuwa Colorado, Marekani, akamtumia mahadhi ya Limavady. Weatherly alisema alikuwa hajawahi kuyasikia. Akagusa neno hapa na pale, yakakaa. Ukachapishwa 1913, na mwaka uliofuata vita vikaanza, kila nyumba ikawa na Danny wake anayeitwa na zumari, kama kwenye maneno ya wimbo.

Kabla yake walishajaribu wengine, Alfred Perceval Graves alijaribu zaidi ya mara moja. Jina la "Londonderry Air" lenyewe lilianza kutumika 1894, mshairi Katharine Tynan alipoyawekea maneno ya mapenzi. Na Percy Grainger wa Australia alipoyapanga kwa kwaya na piano, aliandika "Irish Tune from County Derry". Huyo London aliikwepa. Angekuwa harusini kwangu angekula ukumbini.

Mama Kwaya

Maalim na ile "You Raise Me Up" ya kila harusi? Naisikia humo humo.

Maalim wa Fidla

Sikio lako zima mama. Mahadhi ni ya Rolf Løvland wa Norwei, maneno ni ya Brendan Graham wa Ayalandi, na wengi wameuona huo ufanano. Imba kiitikio chake polepole halafu ingia kwenye sehemu ya pili ya huu, utapita bila kujikwaa.

Kibogoyo Mtaratibu

Maalim, nina fidla ya marehemu babu haijaguswa miaka. Huu naweza kuanza nao?

Maalim wa Fidla

Unaweza. Upige kwenye D, hutahitaji kuhamisha mkono. Una masafa ya zaidi ya oktavu moja na nusu lakini vyote viko hapo ulipo. Ya chini kabisa ni B, kidole cha pili kwenye uzi mnene. Ya juu kabisa, ile ya kuliza watu, ni kidole cha kwanza tu kwenye uzi mwembamba, wala si mbali. Kila anayeanza anaikimbilia na kuing'ang'ania. Wewe iguse, shuka. Kilio kiko kwenye kushuka.

Kibogoyo Mtaratibu

Nimeitoa kabatini. Ya juu nimeipata. Ya chini inakwaruza kama mlango.

Maalim wa Fidla

Upinde unaubana sana. Uache uende kwa uzito wake. Na badilisha nyuzi, hizo ni za babu.